Daftari za ligi: shajara ya mradi wa historia ya mpira wa vijana, Amu

Jumamosi, siku ya kwanza

Bismillahi, leo ndo nimeanza rasmi. Mradi wenyewe ni kukusanya historia ya ligi yetu ya vijana hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kabla haijaliwa na mchwa, na namaanisha mchwa hasa, manake daftari ya kwanza nlopewa leo kona ya juu yote imekwisha na ukiifungua unga unakumwagikia mapajani.

Ligi hii haijawahi kuwa na ofisi wala mtu wa kulipwa. Refa anajitolea, wa kuchora mistari anajitolea, wa kufua jezi anajitolea, na katibu ndo usiseme, anaandika kwa kalamu yake mwenyewe kwenye daftari alizonunulia wanawe za shule. Kwa hivo hakuna faili, hakuna kabati, kumbukumbu ziko majumbani kwa watu, chini ya vitanda na ndani ya masanduku, nyengine zimefungwa mifuko ya nailoni zimewekwa juu ya kabati zinangoja nani sijui.

Nlianzia kwa katibu wa zamani kule mtaa wa Langoni, yeye ndo alikuwa akiandika tangu mimi sijazaliwa. Nlimkuta barazani baada ya l-asiri, nkamwamkia, nkakaa, kahawa ikaja, na hatukugusa habari ya daftari mpaka kikombe cha tatu. Akaingia ndani akatoka na daftari 4 zimefungwa kwa kipande cha kamba ya mashua. Akanambia, "Zitwae, lakini zisitoke kisiwani." Nkamuuliza kwani ami kuna nini, akanieleza kuna ofisi moja iliziazima mbili za mwanzo kabisa kwa ajili ya maonyesho na mpaka leo hazijarudi. Alivosema hivo aligeuza uso akatazama pengine. Nkamwahidi hazitavuka maji.

Mpango: kila ukurasa unapigwa picha kwa simu, halafu matokeo yote yanaandikwa upya kwenye laptopu ya mwalimu mmoja ambae ni kochi pia, halafu daftari zinarudi kwa wenyewe. Anaemjua alie na daftari nyengine anijulishe tafadhali.

Jumapili

Kurasa 61 zimepigwa picha. Nimejifunza mambo mawili matatu: mwanga mzuri ni wa dirishani asubuhi kabla ya saa nne, flashi inaufuta wino wa buluu kabisa, na kurasa zilizoshikana kwa unyevu usizivute kwa nguvu hata ukiwa na haraka vipi, ziweke katikati ya magazeti makavu uziache siku nzima. Nimepasua moja leo na imeniuma roho. Jina la mfungaji wa goli la pili limekwenda nayo.

Jumanne

Leo ndo leo. Kuna kitu kimenisumbua tangu Jumamosi. Kila mechi kwenye daftari ina tarehe, halafu pembeni ina namba nyengine ndogo imezungushiwa duara. 7. 8. 15. 22. 1. Mwanzo nlidhani ni namba ya uwanja, halafu nkadhani ni umri, halafu mwalimu akasema labda ni idadi ya watazamaji nasi tukaona haiwezekani mechi ya Mkomani na Langoni, mitaa mikubwa ya mji, itazamwe na watu 7.

Nkarudi Langoni kwa yule katibu. Ami akanitazama kwa huruma kweli. "Wewe huyui mwezi?"

Kumbe ni tarehe ya mwezi mwandamo, na sababu yake ni maji. Zamani mechi nyingi zilichezwa ufuoni Shela, kwenye ule mchanga mgumu unaobaki maji yakipwa, na ufuo ule haungoji ratiba ya mtu. Mwezi 1 na mwezi 15, siku za bamvua, maji hujaa pomoni kwenye saa kumi hivi jioni, hakuna uwanja, na hata ile njia ya pwani ya kutoka mjini kwenda Shela inalowa. Mwezi 7 au 8, na tena 22 au 23, ni maji mafu, yasiojaa wala kupwa sana, na jioni ya saa kumi ndo yako chini, uwanja upo. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50 hivi kuliko jana yake, kwa hivo ukijua mwezi ni wa ngapi unajua mpira utachezwa saa ngapi bila kwenda kutazama. Katibu alikuwa anapanga ligi nzima ya vijana kichwani kwa hesabu hio, na karatasi pekee aliyohitaji ni ile ya kutuandikia sisi wasiojua.

Halafu nkamuonesha kilichonishangaza zaidi, mechi zenye duara la 15 na 16 zimeandikwa saa 3 asubuhi. Saa tatu asubuhi, vijana wa watu! Akacheka akasema hizo ni mechi za wageni, timu za upande wa Pate, Faza na Siyu huko. Boti zao zinapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda maji yakipwa boti inakaa kwenye matope na mikoko mpaka Mungu apende. "Wakiya na mai ya alfajiri, hurudi na mai ya alasiri." Yaani wanatoka kwao usiku, wanapita na maji yaliojaa alfajiri, saa tatu wanakuta ufuo mpana umepwa vizuri wanacheza, wanakula mchana, saa kumi maji yamejaa tena wanapanda boti wanaenda zao. Duara moja dogo la wino limebeba safari nzima ya vijana 15 na kochi wao.

Nlitembea kurudi nyumbani nkawa nasimama njiani kila mara nafungua simu natazama zile picha upya. Nlikuwa nataka kuzikata zile duara pembeni ili picha ziwe safi. Nashukuru sikuzikata.

Alhamisi

Kidogo tu leo. Kwenye daftari ya tatu kuna orodha ya matumizi: kamba, boriti 4, nyavu mbovu, kukodi punda. Nkaenda kumuuliza fundi mmoja aliekuwa akisimamisha magoli. Miti ya goli ilikuwa boriti za mkoko, hizo hizo za dari. Sheria inataka goli liwe mita 7.32 kwa upana na 2.44 kwenda juu, urefu wa nguzo si tatizo, lakini boriti ya kulala mita 7 utaipata wapi, mkoko haukui hivo ukanyoka. Kila mtu wa hapa anajua vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba kwa sababu dari inafuata urefu wa boriti. Kwa hivo juu ilipita kamba. Kamba ya mashua imekazwa vizuri, na upepo wa kusi ukivuma inapepesuka, mpira ukipita pale pale kwenye kamba basi ndo ugomvi: umepita juu au chini? Fundi anasema refa mmoja alikuwa anatundika vitambaa vyeupe vitatu kwenye kamba, kitambaa kikiruka juu mpira umeigusa. Neti ni nyavu za wavuvi zilizochakaa, na zilikuwa na harufu yake.

Nimeandika yote. Hii ya vitambaa lazima iingie.

Jumamosi, wiki ya pili

Leo nlikuwa Mkunguni mbele ya ngome kuanzia saa mbili, nimekaa na wazee watatu na swali langu moja: ligi ilianza lini na nani aliianzisha. Nimepata majibu matatu.

Wa kwanza anasema ilitokana na mechi za siku kuu, Mkomani kwa Langoni, kila Idi, na vijana wadogo wakawa wanacheza kabla ya wakubwa. Wa pili anasema ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliechoka kuona watoto wanazurura likizo ya Agosti. Wa tatu, ambae ndo mkubwa wao, anarudisha nyuma zaidi, anasema ari yenyewe iliwashika walipokuwa wadogo wakisikia redioni habari za Feisal ya Mombasa ilipochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, timu ya pwani, watoto wa Kiswahili kama wao, na kuanzia hapo kila mtaa ukataka timu yake. Hio ya Feisal 1965 ni kweli kabisa, nimehakikisha.

Mwalimu alitaka tuchague jibu moja tuandike. Nimekataa. Yote matatu yataingia kama yalivosemwa, sababu naona kila mzee anaeleza mlango alioingilia yeye. Lakini kama mtu atanishika anilazimishe, mimi kwangu ligi ilianza siku ile mtu wa kwanza alipokaa chini baada ya mechi, miguu bado ina mchanga, akaandika nani kacheza na nani na ngapi kwa ngapi. Kabla ya hapo ulikuwa mpira tu, mzuri, lakini ukiisha umekwisha.

Jumapili

Daftari ya nne jalada halina mwaka. Zote hazina kwa kweli, nani aandike mwaka wakati mwaka unajulikana. Lakini nimeipata! Ukurasa wa 9: "Jumapili 17/7", duara 7, "saa 10 ufuoni", halafu chini yake kwa maandishi madogo "tumalize mapema usiku fainali."

Nlikaa nkiangalia hilo neno fainali kama dakika tano. Fainali gani ya usiku, Jumapili, tarehe 17 Julai? Ni ya Kombe la Dunia la Marekani 1994. Brazil na Italia, 0-0 mpaka dakika 120, Brazil akachukua kwa penati 3-2, Baggio akaupeleka juu. Kwa saa zetu ilianza saa nne unusu usiku. Nkafungua programu ya mwezi kwenye simu, mwezi wa Julai mwaka huo uliandama baada ya tarehe 8, kwa hivo tarehe 17 ni mwezi 7, maji mafu, na duara linasema 7. Vimekubaliana! Nkampigia mwalimu usiku huo huo akadhani kuna msiba.

Ami anaikumbuka siku yenyewe. Waliitazama kwenye uwanda wa nyumba ya mtu, TV moja, watu mpaka juu ya ukuta, na watoto waliocheza jioni wamelala kwenye majamvi kabla hata ya nusu ya kwanza kwisha.

Kwa hivo sasa tuna mwaka mmoja wa uhakika na kutoka hapo tunaweza kuhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma, duara na siku ya wiki zikikubaliana basi mwaka umepatikana. Mpaka usiku wa leo daftari 3 kati ya 4 zina mwaka wake.

Jumatano

Sasa hapa kuna moto. Baada ya kuandika msimamo wa 1994 kwenye laptopu na kuwatumia vijana wa kamati, mzozo umezuka na haujalala mpaka sai.

Zamani ushindi ulikuwa pointi 2. Hio ndo ilikuwa hesabu ya dunia nzima karibu, na Kombe la Dunia la 1994 ndo la kwanza kutoa pointi 3 kwa ushindi. Daftari yetu ya mwaka huo bado inahesabu 2, inayofuata ndo inaanza 3. Sasa tazama. Mechi 10 kila timu. Langoni walishinda 5, sare 5, hawakufungwa hata moja. Mkomani walishinda 7, walifungwa 3, sare hakuna. Kwa pointi 2, Langoni 15, Mkomani 14, bingwa Langoni. Kwa pointi 3, Langoni 20, Mkomani 21. Umeona?

Kijana mmoja wa Mkomani, mtoto mzuri na ana bidii, ndo anaesaidia kuandika hizi daftari, aliweka tu fomula ya 3 kwenye laptopu bila nia mbaya na ubingwa ukahama mtaa. Ujumbe wa WhatsApp ulikuwa hauhesabiki. Mtu mzima na ndevu zake ananambia miaka yote hii babake alidhulumiwa.

Nimekaa nayo siku mbili na uamuzi wangu ni huu, na nimeuandika kwenye kamati: tunaacha 2. Wale vijana walicheza wakijua sare ni nusu ya ushindi, Langoni dakika za mwisho walikuwa wanarudi nyuma kulinda sare kwa sababu sare ilikuwa na thamani ile, huwezi kuja miaka baadae ukawabadilishia bei ya kitu walichokwisha kukinunua. Ami alinambia neno lile lile kwa njia yake, kwamba kepteni wa Mkomani mwenyewe ndo alieenda kuwapa Langoni mkono siku ile. Mpaka sa hizi wanasalimiana msikitini.

Kijana wangu alikubali. Alinuna siku moja, jana amerudi ameandika kurasa 20.

Ijumaa, usiku

Daftari mbili zaidi kutoka kijiji cha Matondoni, zimekuja kwa boti zimevingirishwa ndani ya kikoi. Zina safu mpya pembeni ya magoli: "usafi". Timu inafagia mifereji na pwani ya mtaa wake, ikikaguliwa inapata pointi kwenye msimamo. Refa mmoja mstaafu anasema wazo walilitoa Mathare kule Nairobi, kwa ile jumuiya ya michezo ya vijana ya MYSA ilioanza 1987, ambapo timu hupata pointi za ligi kwa kuzoa taka, yeye alilisikia kwenye mafunzo ya marefa akaja nalo. Kwetu taka kubwa ilikuwa mavi ya punda na mifereji iliyoziba. Timu moja ilifungwa karibu kila mechi ikamaliza ya nne kwa ufagio! Nawapenda hawa vijana na sijawahi kuwaona.

Jumatatu, wiki ya nne

Leo nimekutana na kurasa tupu.

Daftari ya 2014 inakwenda vizuri mpaka Juni, halafu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mji wa upande wa bara, ikawekwa kafyu Lamu, jioni mpaka asubuhi. Duara za mwezi bado zipo lakini saa za mechi zinaanza kurudi nyuma, saa 10, saa 9, saa 8 jua la utosi, ili watoto wafike majumbani mapema. Wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku, na baba asieingia baharini hana hela ya nauli ya boti ya mtoto, timu za mbali zikaacha kuja. Halafu mechi moja imeandikwa timu mbili bila matokeo. Halafu hakuna kitu, kurasa 11 za mistari mitupu. Katibu wa wakati huo, ambae ni rika langu, anasema aliendelea kuibeba daftari kila Jumapili uwanjani hata kama hakuna mtu.

2020 vile vile, korona, Machi imekatika kama kwa kisu.

Mwalimu aliuliza kama kurasa tupu nazo zipigwe picha. Zimepigwa zote.

Alhamisi

Kuna bibi mmoja hapa Mkomani amefua jezi za ligi miaka na miaka. Hakuna daftari hata moja ilomtaja. Nlienda kwake na bintiye akiwepo, nkamwambia mama nimekuja kuandika, akasema kuandika nini, kufua? Lakini alinitolea boksi. Ndani mna jezi 9 za rangi ya machungwa, moja kwa kila msimu alioupenda, amezikunja na karafuu katikati. Anajua kila moja ilivaliwa na nani. Alishika namba 6 akanionesha mshono begani, alishona mwenyewe usiku wa kuamkia fainali kwa uzi wa kushonea mabuibui kwa sababu uzi wa rangi ile ulikuwa umekwisha, na kweli ukitazama, uzi ni mweusi, mishono midogo midogo imepangana sawa, mpaka leo haujafumuka.

Bintiye ndo alianzisha timu ya wasichana. Wanacheza asubuhi ya Jumamosi, zamani walikuwa wanacheza mahali pasipo njia ya watu na sasa wanacheza uwanja wa Twaif kama wenzao. Jezi zao anazifua mama yule yule. Kumbukumbu zao wanaandika kwa simu na nimewaomba, tafadhali sana, waandike na kwenye karatasi pia. Simu inaanguka baharini.

Nimeongeza sehemu mpya kwenye mradi: orodha ya waliojitolea, refa, wafuaji, manahodha, wapishi, wenye punda. Mpaka leo ina watu 38 na naamini hata nusu hawajafika.

Jumapili, wiki ya tano

Hali ilivo: daftari 9 zimekamilika, 2 zinakauka kwenye magazeti. Msimamo wa miaka yote tulioipata umeandikwa, pointi kama zilivohesabiwa wakati wake. Duara zote zimeandikwa na zina safu yake.

Na kuna habari. Nahodha mmoja alinisikia Mkunguni nkizungumza, akasema Faza kuna mzee ana daftari ya upande wao, yaani zile zile mechi za saa tatu asubuhi lakini zimeandikwa na wageni. Nimempigia simu. Sauti yake iko mbali lakini alinielewa vizuri, akaniuliza yule katibu wa Langoni bado yuhai? Nkamwambia yuhai, akanyamaza kidogo akasema Alhamdulillahi, mwambie deni la mchele sijalisahau. Sijui deni gani hilo. Nlipomfikishia, ami alicheka mpaka akafuta macho, na hakunieleza.

Kisha akasema anataka kwenda. Ana miaka yake na magoti hayamsaidii, nkamwambia ami safari ni ndefu nami nitapiga picha zote nikuletee, hakunijibu, aliinua kichwa akauliza mwezi ni wa ngapi.

Tunaondoka Jumamosi. Mwezi 15. Gati saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa yamejaa, tunapita Mkanda. Anabeba halua na ile kamba ya mashua aliyofungia daftari.